Usilipie risasi hiyo kabla hujauliza tarehe ya kuyeyushwa

Mkuu, usilipe. Umeandika kwamba muuzaji amekuonyesha cheti cha madini ya risasi yenye usafi wa asilimia 99.99, kipimo chake cha alfa (chembe nzito za mionzi) kikiwa karibu na sifuri, nawe unataka kujengea ukuta wa kukinga kigunduzi chako cha miale ya gama. Cheti cha namna hiyo ndicho kilichoniponza.

Asilimia hizo huhesabu shaba, fedha na takataka nyingine za kikemia. Risasi-210, aina ya risasi inayotoa mionzi, haihesabiwi, kwa sababu nayo ni risasi: tanuri linaloondoa urani haliwezi kuitenga, na hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Balaa lenyewe ni kwamba risasi-210 huzaa bismuthi-210, bismuthi ikazaa poloni-210, na alfa anayokuonyesha muuzaji hutoka kwa poloni. Usafishaji huiondoa poloni kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo anayepima wiki ileile ya kuyeyusha haoni kitu. Kisha poloni hujijenga upya kwa nusumaisha (muda wa kupungua nusu) ya siku 138, na mwaka ukitimia imeshapita asilimia 80 ya kiwango chake cha mwisho.

Sisi tulipanga matofali ya risasi ya namna hiyo, tukafunga, tukapongezana. Grafu ikatuonyesha mwinuko mpana chini ya keV 500 (keV ni kipimo cha nishati), ambao ni eksirei zinazotoka elektroni za bismuthi zinapogonga risasi, lakini kwa kuwa cheti kilikuwa mezani tulishuku nyaya, tukashuku gesi ya radoni yenye mionzi, tukabadilisha hata kipaza mawimbi kisichokuwa na kosa lolote, huku fedha za mradi zikiteketea. Tulipopima upya kipande cha tofali, alfa ilikuwa imepanda mara nyingi. Muuzaji akajibu, bila haya, kwamba cheti hakikudanganya. Ni kweli, hata picha yangu ya ujana haidanganyi.

Kwa hiyo dai tarehe mbili, ya kuyeyushwa na ya kupimwa, na udai kiwango cha risasi-210 kwa bekereli (mpasuko mmoja wa kiini kwa sekunde) kwa kilo; akikwepa, ondoka. Wenzetu wa CUORE, jaribio la fizikia linalohitaji ukimya mkubwa wa mionzi, chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, waliweka ndani ya kinga yao risasi ya Kirumi iliyoopolewa kwenye meli iliyozama karibu na Sardinia, kwa sababu ndani ya miaka 2,000 risasi-210 yake imekwisha.

Muuzaji amekutajia tarehe ya kuyeyusha au bado?