Kupitia tukio la mtoto aliyeteswa: anzeni na madaftari

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna faida yoyote kwa kamati ya kata kukaa kupitia kifo cha mtoto aliyepigwa, ilhali polisi wameshamkamata mtuhumiwa. Niliwahi kukaa katika kamati ya namna hiyo, iliyoundwa chini ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), mkoani Lindi, na kwa uzoefu wangu faida ipo, ila msianze kwa kuuliza nani alimpiga. Hilo ni la polisi na mahakama. Ninyi ulizeni nani alimwona mtoto kabla ya hapo, na aliandika nini.

Tukio letu lilikuwa la mtoto wa miaka mitatu aliyevunjwa mkono, akapona. (Wengi hudhani mapitio ni ya vifo tu, wakati majeruhi ndiye ambaye bado anaweza kurudishwa katika nyumba ileile.) Tuliomba kitabu cha MTUHA cha zahanati (rejista ya kuandikia wagonjwa na huduma walizopewa), kadi ya kliniki, daftari la malalamiko la mtendaji wa kijiji na mahudhurio ya kaka yake shuleni, kisha tukapanga tarehe zote kwenye karatasi moja. Zahanati iliandika mara mbili, ndani ya msimu mmoja wa korosho, kwamba mtoto ameanguka kutoka juu ya mkorosho. Mtoto wa umri ule hapandi mkorosho! Alihudumiwa na watu wawili tofauti, na wa pili hakufunua kurasa za nyuma. Kwa mtendaji tulikuta jirani alishalalamika, na pembeni pameandikwa "limemalizwa kifamilia", ingawa kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ili ishughulikiwe, wala si ili wazee wapatanishwe.

Haya si ya kwetu pekee. Uchunguzi rasmi wa Uingereza ulioongozwa na Lord Laming kuhusu Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 aliyefariki kwa mateso London mwaka 2000, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo vyombo husika vingeweza kumwokoa.

Sisi nasi tulikosea. Yule jirani hatukumwita; alikuja mwenyewe baada ya kikao, akauliza kama kuna mtu aliyesoma malalamiko yake. Wenu mwiteni siku ya kwanza, na aketi na ofisa ustawi wa jamii faraghani, mbali na ndugu wa mtuhumiwa.