Ni mama yupi aangaliwe kwa karibu zaidi kliniki?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja wilayani Newala. Siku ya kliniki mara nyingi huwa peke yangu na foleni ndefu. Mama mmoja tuliyemhudumia alichanganyikiwa wiki moja baada ya kujifungua, na familia ikasema ni majini. Nitamtambuaje mapema mjamzito aliye katika hatari ya kuugua akili?

JIBU: Ndugu muuguzi, anza na historia, kwa kuwa hakuna kihatarishi kinachoizidi uzito. Mama aliyewahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, hasa katika ujauzito au uzazi uliopita, yumo katika hatari kubwa ya kuugua tena. Aliyewahi kupata ugonjwa wa akili unaompandisha mtu katika uchangamfu uliopitiliza na kumshusha katika huzuni nzito, au ambaye mama au dada yake alichanganyikiwa baada ya kujifungua, apewe rufaa mapema, ili ajifungulie penye daktari. Hali uliyoiona hutokea kwa mama 1 au 2 kati ya 1,000 wanaojifungua, aghalabu ndani ya wiki mbili za kwanza, na ni dharura ya hospitali sawa na kutokwa damu nyingi. Usijilaumu, maana baadhi yao hawana historia yoyote. Anayetumia dawa za akili asiziache ghafla kwa sababu ya mimba. Lakini kama ni valproeti, ambayo huweza kumdhuru mtoto tumboni, amwone daktari upesi.

Kinachofuata ni ukatili wa nyumbani, na hapa naomba uwe makini sana. Tunawahimiza waume waje katika hudhurio la kwanza, jambo ambalo ni jema, lakini mama anayepigwa hawezi kulisema mbele ya anayempiga. Mtenge kidogo wakati wa kumpima uzito, umuulize kwa upole kama kuna mtu anayempiga au kumtisha.

Mimba isiyotarajiwa, umri mdogo, kuwahi kuzaa mtoto mfu, mtoto njiti, majibu ya VVU yaliyopokelewa kliniki, kukosa msaidizi: haya nayo huongeza hatari, na huumiza zaidi yanaporundikana. Huku kwetu ningeongeza deni, kwa kuwa familia iliyokwisha kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, kabla ya msimu huweza kumpokea mtoto bila akiba yoyote. Hata hivyo kihatarishi si ugonjwa. Wengi wenye navyo hawaugui.

Kwa hiyo kila mama aulizwe maswali mawili: je, katika mwezi uliopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Akikubali lolote, muulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida, ila yakizidi wiki mbili tunafikiria sonona. Mama asiporudi kwa ajili yake mwenyewe, atamleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nawe utapata nafasi tatu za kumuuliza tena.