Iboga: sifa zilienda Paris na New York

Mhariri, swali lenu la wiki, "Ni ugunduzi gani wa Waafrika ambao sifa zake walipewa wengine?", bila shaka litawaletea barua nyingi za chuma cha Wahaya. Mimi nakitaja kichaka cha misitu ya Gabon kiitwacho iboga, ambacho hata sisi tunaoshinda nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Moshi hatukukisikia chuoni.

Kinacholiwa ni magome ya mzizi wake, machungu kupindukia. Ukila kidogo, uchovu na usingizi vinakukimbia. Wawindaji walikuwa wakiyatumia hivyo, kama morani wa huku wanavyochemsha kiloriti kwenye supu. Ukila mengi ni habari nyingine. Utatapika, miguu itagoma, na kwa saa nyingi, macho umeyafumba, yatapita mbele yako maisha yako yote na ndugu waliokwisha kufa. Wafuasi wa Bwiti, kwanza Wamitsogo na baadaye Wafang, humpa kiwango hicho mtu anayeingizwa kwenye dini yao. Lakini hawamwachi peke yake. Kinubi kiitwacho ngombi kinapigwa usiku kucha, na wazee wanakaa naye wakimwangalia. Kwangu mimi ugunduzi ndio huo: kujua kiasi, na kujua kwamba mlaji lazima awe na mwangalizi. Nao husimulia wazi kwamba elimu hiyo waliipata kwa Mbilikimo. Angalau wao wamewataja walimu wao.

Mwaka 1901 wanakemia wa Ufaransa walichuja kutoka kwenye mzizi huo kiini walichokiita ibogaini. Kuanzia miaka ya 1930 vidonge vyake viliuzwa huko kwa jina la Lambarène, kila kimoja kikiwa na miligramu 8 hivi, kwa watu waliochoka au wanaotoka kuugua. Lambaréné ni mji wa Gabon, ule wenye hospitali ya Albert Schweitzer. Sasa fikirieni: kule Gabon wamisionari na serikali ya kikoloni wanawaandama Wabwiti kama wachawi, na Paris mzizi uleule uko dukani ndani ya boksi.

Halafu akaja Howard Lotsof, kijana wa New York mwenye umri wa miaka 19, teja wa heroini. Mwaka 1962 alimeza ibogaini kwa kutafuta starehe tu, na ilipoisha akakuta arosto haipo na hamu ya unga imekwisha. Mwaka 1985 alipewa hataza ya Marekani, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa matumizi hayo. Huyu simnyimi haki yake, maana misitu ya Gabon haikuwa na heroini, hilo aliligundua yeye.

Nawaomba wenye vijana wanaovuta unga wasianze kuitafuta mitandaoni. Ibogaini huvuruga umeme wa moyo, mapigo yakapotea mpangilio, na watu wamekufa hivyo. Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ipo nchini tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, wawapeleke huko. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani uliochapishwa Januari 2024 uliwapa ibogaini wanajeshi wastaafu 30 wa Marekani walioumia ubongo, pamoja na magnesi ya kulinda moyo. Mwezi mmoja baadaye dalili za kiwewe na sonona zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mimi bado sijashangilia, ila jimbo la Texas mwaka 2025 lilitenga dola milioni 50 kwa ajili ya majaribio zaidi.

Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inawapa wenye mimea na maarifa yake nguvu ya kudai mgawo. Tatizo ni kwamba ibogaini nyingi siku hizi hutengenezwa kutokana na magome ya mti mwingine, voakanga, unaoota pia Ghana na kwingineko. Mwenye kiwanda ataapa kwamba iboga hajaigusa. Wagabon itabidi wadai malipo ya maarifa, si ya mzizi, na kesi ya namna hiyo ni ngumu kuliko ya gunia lililopita mpakani.

Mfamasia, Moshi