Kukaza chesisi kwa aluminiamu ya kuchongesha: yaliyonikuta na Roadster yangu hapa Dodoma

Mwaka juzi nililala chini ya gari na tochi ya simu nikaona mstari mwekundu mwembamba kama unywele kwenye braketi ya aluminiamu niliyofunga kukaza chesisi, yani ule mwili wa chini unaobeba gari zima, na ilikuwa haijamaliza hata miezi minne. Nikajua ni vumbi limejishika, nikafuta kwa kidole, haukufutika. Ulikuwa ni ufa, na vumbi letu la Dodoma lilishaingia ndani likajaa, ndo maana ukaonekana. Nilitulia pale chini kama dakika kumi hivi nikiwaza kwamba jana yake tu nilitoka nayo Iringa, nimeshuka kona zote za Nyang'oro na ile kitu ikiwa imepasuka nusu.

Gari yenyewe ni Mazda Roadster, NB (yani toleo la pili), ile ya kufungua paa, usukani kulia imetoka Japani. Magari ya kufungua paa yana shida moja ambayo lazima uielewe kwanza. Chukua kiberiti, ile droo ikiwa ndani ya ganda lake ukijaribu kuinyonga haipindi, ichomoe sasa uishike pembe mbili uinyonge, inajikunja kirahisi kabisa. Paa ndo lile ganda. Kwahiyo nikipita matuta ya Nkuhungu kioo cha kati kilikuwa kinatetemeka mpaka taa za gari la nyuma zinakuwa mbili mbili, milango inalia, na kwenye kona kali unakata usukani, gari inakaa, alafu inakaa tena mara ya pili, yani kama nyuma imechelewa kupata habari.

Zile braketi za kwanza alinitengenezea fundi anayeyeyusha sufuria na pistoni chakavu, anamimina kwenye mchanga alafu anasugua mpaka inang'aa. Ni fundi mzuri kwa kazi zake, lakini kazi hii haikuwa ya kumimina na mimi ndo niliyempelekea. Nilivyoikata ile iliyopasuka kwa msumeno ndani ilikuwa na vitobo kama andazi. Chakavu iliyochanganywa hujui ndani kuna nini, na mapovu ya hewa yakibaki ndani ufa unaanzia hapohapo. Na aluminiamu haina tabia ya chuma ya kuvumilia mzigo mdogo milele, kila tuta na kila kona inajihesabu, ipo siku inafika mwisho. Kwahiyo kitu chochote kinachobeba mzigo wa chesisi usikubali cha kumimina cha mtaani, tafuta bamba lililotengenezwa kiwandani. Mimi niliagiza Dar likaja kwa basi, aina ya aluminiamu inayoitwa 6061-T6, utalijua kwa maandishi ya wino yanayojirudia urefu wote wa bamba. Ukiletewa kipande hakina maandishi, muuzaji anakuhakikishia kwa mdomo tu, kiache.

Sasa kuna jambo ambalo naona watu wengi wanalikosea, hata wanaojua magari. Aluminiamu sio ngumu kupinda kuliko chuma. Kwa umbo lilelile na ukubwa uleule chuma kinagoma kupinda karibu mara tatu zaidi, na uzito wake nao ni karibu mara tatu, mana aluminiamu ina kama gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo na chuma 7.8 na kitu. Ukitoa braketi ya chuma ya milimita 5 ukaweka ya aluminiamu ya milimita 5 umelegeza gari, hujakaza! Faida inakuja kwenye umbo. Bamba ukilizidisha unene mara mbili ugumu wa kupinda unapanda mara nane, na kwasababu ni jepesi unaweza kujiruhusu huo unene. Angalia hata Mazda wenyewe, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu (ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu) kwenye hizi Roadster ni wa aluminiamu, lakini uone ulivyo na kimo kirefu na kingo zilizokunjwa, hawakuweka bamba la bapa. Lotus Elise ya 1996 chesisi nzima ni ya aluminiamu, kilo 68 tu, ila zile boriti za pembeni ni pana na zina kimo mpaka kuingia kwenye gari inabidi uzivuke. Na wameziunganisha kwa gundi maalum, hawakuchomelea.

Hapo kwenye kuchomelea niseme kabisa. 6061-T6 ile T6 maana yake imepitishwa kwenye joto kwa utaratibu ndo ikapata nguvu, ukiichomelea sehemu iliyo karibu na joto inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Braketi yako ichongwe kipande kimoja kutoka kwenye bamba. Fundi akikuambia ataunganisha vipande viwili kwa gesi itakuwa sawa tu, mshukuru uondoke.

Kabla ya kuchongesha, pima. Nilipaki sehemu ya sakafu, nikapima uwazi wa mlango na bodi kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) juu na chini, nikapiga jeki kona moja ya mbele mpaka gurudumu likanyanyuka nikapima tena. Mlango wa kushoto ulibana kwa juu zaidi ya milimita moja, ukigusa kitasa unausikia umekaza. Nikajua kinachonyongeka ni katikati, kwenye sakafu, sio mbele. Hii iliniokolea hela, mana nilishaanza kutaka ile baa ya juu ya injini inayounganisha vichwa vya shokapu. Kwenye Impreza ile baa ina maana kwasababu shokapu yenyewe ndo inashikilia gurudumu, nguvu ya kona inapanda mpaka pale juu. Kwenye Roadster hii mikono ya juu na ya chini yote imeshikwa na sabufremu, ile fremu ndogo ya chini, hivo pale juu hakuna kazi kubwa. Ingependeza tu ukifungua boneti.

Kwahiyo nikaamua kuunganisha reli mbili za chini, ile mihimili ya chuma ya sakafuni inayokwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto. Nilikata sampuli kwa plaiwudi kwanza, nikaivalisha chini ya gari mara tatu mpaka mashimo yakakaa, ndo nikapeleka Kizota kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga. Nikamwamkia, nikampa mchoro, akauangalia bila kusema kitu alafu akaweka kucha kwenye kona ya ndani.

"Hapa umechora kali kijana. Itapasukia hapa."

Nikatoa ile ya zamani kwenye begi. Ufa ulikuwa umeanzia palepale alipoweka kucha. Akanichorea upya, kona zote za ndani zikawa za duara, nusu kipenyo milimita 8, na akasema kila shimo libaki mbali na ukingo, angalau mara mbili ya upana wa bolti.

Bolti nimetumia za milimita 10 zenye 8.8 kichwani (hiyo ni alama ya nguvu ya bolti), zinapita mpaka upande wa pili na nati, sikukata meno kwenye aluminiamu, mana ukifungua na kufunga mara tano meno yanaliwa. Ukilazimika kukata, hiyo ya 10 iingie ndani milimita 15 hadi 20. Chini ya kichwa weka washa nene ya chuma. Na rangi iwepo kati ya aluminiamu na chuma, mana vikigusana na maji yakaingia aluminiamu inaliwa, unaona unga mweupe. Huku kwetu sio kama Pwani kwenye chumvi, ila Desemba mpaka Aprili tope linakaa chini ya gari wiki nzima.

Kukaza bolti za mwisho, gari iwe imesimama kwa matairi yake sehemu tambarare. Ukikazia ikiwa inaning'inia kwenye jeki unaifungia ule mnyongo ndani. Na fanya asubuhi kivulini. Mita moja ya aluminiamu ikipanda joto digrii 40 inarefuka karibu nusu milimita zaidi ya chuma, na gari iliyopaki juani hapa mjini saa nane mchana unajua inavyokuwa, kwahiyo kama kipande chako ni kirefu usikilazimishe kuingia kwa nyundo. Kipande changu kirefu cha katikati nilikifanya bomba la chuma, aluminiamu ni ncha mbili tu.

Nilirudia kupima na jeki ileile kona ileile. Mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Nikakaza tena kwa spana yenye kipimo baada ya kilomita 200, bolti mbili zilikuwa zimelegea kidogo, na sa hivi kila nikimwaga oili naosha zile kona za ndani kwa brashi, nakausha, alafu napita na tochi kutafuta ule mstari mwekundu.