Mdogo wangu kagongwa na daladala, nisaini laki 5 za bima au nitafute wakili?
Pole sana mkuu, usisaini kwanza aisee. Soma ile karatasi mpaka chini, imeandikwa hutadai tena. Mimi mtu wa bima alinifuata wodini mguu bado una hogo, nikashika peni kabisa, mke wangu ndo akaninyang'anya. Fuatilia polisi PF3 (fomu ya matibabu ya majeruhi) na PF90 (ripoti yao ya ajali), tunza risiti zote hata za panadol na bajaji. Wakili tafuta ila asilimia yake muandikishane kabla hajaanza na hela ikitoka iingie akaunti ya dogo. Mahakamani una miaka 3 tu toka siku ya ajali, ndani ya muda huo apone kwanza daktari aandike ulemavu uliobaki, fidia kubwa inatoka hapo.