Nguo za picha za kazi: nimejibu, na ole wake atakayeuliza tena "nivae nini"

Haya, nimekaa na meseji zenu tangu asubuhi mpaka chai imepoa. Wengi mnauliza kuhusu picha za kujitangaza kikazi, zile za kuweka LinkedIn, kwenye tovuti, kwenye bango la semina. Nimechukua chache tu maana nyingi zinafanana shilingi kwa ya pili. Na mjue mimi ni mpiga picha, sio fundi wala mwanamitindo, nasema ninachokiona kwenye kamera kila siku hapa Dar.

Anti, nivae nini kwenye fotoshuti?

Sijui. Wewe ni daktari, dalali wa viwanja au mpishi? Rudi uniambie unafanya kazi gani na unataka nani aione hiyo picha akupigie simu.

Shikamoo Anti. Shemeji ana suti kali ya Uturuki, kakubali kuniazima siku ya picha. Mimi mwembamba kidogo kuliko yeye lakini nadhani haitaonekana. (Mhasibu, Dodoma)

Marahaba kaka. Itaonekana. Yaani hapa ndipo mnaponimaliza, mtu analipa hela ya studio, analipa mekapu, halafu anakuja na koti linalopwaya kama limetundikwa kwenye mlango, afu ananiambia "utarekebisha kwenye kompyuta si ndio?" Hapana, sio ndio. Naweza kukutoa chunusi, siwezi kukushonea bega.

Bega ndio kila kitu. Mshono wa bega la koti uishie pale mfupa wako wa bega unapoishia, ukishuka chini ya hapo unaonekana umevaa nguo za baba. Kola ya shati ukishaifunga viingie vidole viwili, vikiingia vinne shingo inaonekana ya kuku. Mkono wa koti uache shati lichungulie kama sentimeta moja hivi. Ukifunga kifungo na kitambaa kikavutika kikachora alama ya X tumboni, hilo koti limekubana, na kile kifungo cha chini hakifungwi, nimeshasema mara ngapi.

Sasa sikiliza, nenda mnadani, tafuta koti la mtumba gredi wan linalokukaa mabegani tu, mengine yote mpelekee fundi wa mtaani kwako apunguze kiuno na mikono. Bega asiliguse, kulifumua bega ni kazi kubwa na mafundi wengi wanaliharibu. Koti hilo la mtumba litaipiga suti ya shemeji asubuhi na mapema, na litabaki lako. Tena siku mteja akikuita ofisini kwake utakuja umevaa nini, umwazime shemeji tena?

Shati la mistari myembamba linafaa?

Hapana. Mistari myembamba na vidraft vidogo vidogo vinagombana na pikseli, vile vidoa vidogo vya kamera vinavyounda picha, picha inatoka na mawimbi ya ajabu kama TV mbovu, na kuyaondoa ni mateso. Vaa la rangi moja.

Mimi ni mweusi sana, nivae rangi gani nisipotee kwenye picha? (Mwalimu, Mtwara)

Dada, rangi yako haina kosa lolote, swali hili ulitakiwa umuulize mpiga picha wako sio kabati lako. Enzi za kamera za filamu, maabara za kusafisha picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley, kwa hiyo ngozi zetu zilitoka zinavyotoka na watu wakaambiwa ni weusi wao. Leo kamera hazina kisingizio ila watu wanacho. Ukivaa shati jeupe peee na mpiga picha kaiachia kamera ijipimie yenyewe, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso unazama. Ukivaa nyeusi tupu inafanya kinyume, inaongeza mwanga na ngozi inakuwa ya majivu. Anayejua kazi yake anapima mwanga usoni, basi. Kabla hujamlipa muombe picha alizopiga za watu weusi kama wewe, akikuonyesha weupe watupu ondoka.

Ukitaka rangi kwa lazima: haradali, zambarau, kijani cha jani la mgomba, bluu iliyokolea. Zile za kuwaka kama koti la bodaboda ziache, zinarusha rangi chini ya kidevu. Na usikubali poda iliyo nyeupe kuliko shingo yako, nakuomba.

Bosi anasema kitenge sio cha ofisini. Kweli?

Si kweli, ila mambo haya yana wenyewe, hata Kenya mwaka 2023 Spika Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni wakati rais wao anazivaa kila kukicha. Kitenge vaa, shida yangu ni maua makubwa. Picha ya profaili LinkedIn inakatwa duara, inabaki uso na mabega, na ukivaa ua la ukubwa wa sahani watu wanaliona ua. Weka kitenge kwenye kola au koti, ndani rangi moja. Kanga nayo kumbuka ina jina, na watu wetu lazima walisome, usije ukajitangaza mshauri wa ndoa na kifuani umeandikwa mafumbo ya mke mwenza.

Mimi navaa hijabu, ushauri?

Mtandio usiong'aa, satini inarudisha taa. Usifanane rangi na ukuta wa nyuma.

Nije na nguo ngapi? Nimeandaa tisa, nimelipia saa moja.

Tatu. Kila ukibadilisha dakika kumi zinakwenda, na kwa joto hili la Dar ukifika ya nne umeloa jasho. Zije zimepigwa pasi na zije kwenye hanga, sio kwenye mfuko wa rambo, na pasi yangu msiiulizie.

Tisheti ya kampuni yenye nembo je?

Kama kampuni ni yako, sawa. Kama umeajiriwa, mkataba ukiisha na picha nayo imeisha.

Viatu?

Havionekani. Ila ukivaa kandambili utasimama kikandambili, vaa moka.

Naweza kuvaa suti yangu ya harusi?

Kama bado inakuingia, vaa. Toa ua kwanza.