Mbona Mto Nairobi unarudi kuwa mweusi baada ya usafi?

Umeuliza kwa nini mto unarudi kuwa mweusi hata baada ya takataka kuzolewa. Ni kwa sababu plastiki ndiyo inayoonekana, lakini kinachoua mto ni majitaka. Bakteria wakiyaozesha humaliza oksijeni majini. Kisha wale wasiohitaji oksijeni hutoa salfaidi, kemikali yenye salfa, ambayo ikishikana na chuma huacha tope jeusi. Likoroge kwa fimbo: viputo vitapanda na uvundo wa mayai viza.

Kwa hiyo anzeni na mabomba ya majitaka yaliyopasuka na yale yanayomwaga moja kwa moja, hasa kwenye Mathare na Ngong, vijito vyake vikubwa. Miti ya kingo ifuate baadaye.

Tafadhali msinyweshee sukuma wiki maji hayo. Hata kuyachemsha huua vijidudu tu. Madini ya risasi hubaki, tena hukolea maji yakipungua.

Na huu ndio mto uliolipa jiji jina: Enkare Nairobi, maji baridi kwa Kimaasai. Chanzo chake, kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, bado kipo, nacho kinahitaji kulindwa sasa hivi.